UZI: Kuokota korosho za uani kwa vakyumu ya kuoshea magari. Inawezekana, ila soma mpaka mwisho

KijanaWaMasasi

Wakuu, habari za wakati huu.

Nipo Masasi, nina kijiwe cha kuosha magari. Pale kijiweni nina ile vakyumu ya dramu, inayofyonza vumbi na maji, mota ya wati 1,200. Nyumbani kwa mama mikorosho imeizunguka nyumba, ile mikongwe ambayo matawi yameshalala mpaka yanagusa chini. Za shambani tuna vibarua, lakini za uani mama hataki mtu aziguse. Huwa anaamka alfajiri na ndoo yake anaokota mwenyewe, na pesa ya hizo haiingii kwenye hesabu ya mtu yeyote. Msimu huu mgongo umegoma. Akiinama, kuinuka ni mpaka ashike shina. Tukimwambia aache anatuangalia tu.

Ndipo nikaipakia vakyumu kwenye bodaboda nikaenda nayo nyumbani.

Jibu kwa wenye haraka: inafyonza. Korosho kavu iliyokwishaachana na bibo lake (lile tunda lenye maji) inapanda kwenye mpira na kugonga dramu kama mahindi yanayomwagwa kwenye debe. Mtu anasimama wima, anapitisha mdomo wa mpira, basi. Haina ubishi hiyo.

Kazi ipo kwenye mambo mawili. La kwanza ni mpira wenyewe. Ule unaokuja na mashine ni mwembamba, milimita 38 kwa ndani. Korosho ya kwetu ina urefu wa sentimita 3 mpaka 4, kwa hiyo ikija kwa urefu inapita, ikija kwa ubavu inakwama. Zikija mbili kwa pamoja zinajibana kwenye kona pale mpira unapoingilia dramu, na hapo unazima, unachomoa, unagonga, unawasha tena. Nikanunua kipande cha mpira wa kunyonyea maji, ule wa pampu wa inchi mbili wenye mbavu, nikautoboleshea mfuniko na kuufunga kwa klipu na vipande vya tyubu ya baiskeli ili hewa isivuje. Tangu hapo haujakwama tena, ila ni mzito na haukunjiki vizuri.

La pili ni bibo, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Korosho mbichi inadondoka na bibo lake. Korosho yenyewe ina gramu 5 au 6, bibo lina gramu 60, 80, mengine zaidi. Mashine inalivuta, linaziba mdomo wa mpira, linabonyea, maji yanaanza kuingia ndani. Maji ya mabibo yakikutana na vumbi la Masasi kwenye chujio, unapata udongo wa kufinyangia vyungu.

Aliyewahi kujaribu kitu cha namna hii, iwe kwa korosho, makadamia au chochote kinachodondoka, aje atoe mwongozo. Hasa kwenye hilo la bibo.

---

BiHawa_Newala

Mwanangu, mpe mama pole ya mgongo.

Mimi nimezaliwa chini ya mikorosho na nitakwambia kitu kimoja. Kuokota siyo kazi. Kazi ni kunyofoa, na kukausha, na kuchambua. Hiyo mashine yako imechukua kipande kilichokuwa chepesi imekuachia vizito vyote. Na hayo matawi yaliyolala, dramu inapitaje huko chini? Au mama ndiye atakayelala kifudifudi kushika mpira?

Mkorosho unatengenezwa kabla ya msimu. Mavuno yakiisha, kabla mti haujaanza maua, unapunguza matawi ya chini mtu apite bila kuinama. Mwezi wa nane unafyeka na kufagia mpaka udongo unaonekana. Ukifanya hivyo korosho inaonekana toka mbali na hata nyoka huna wasiwasi naye.

Kama ni mgongo tu, mchongee ufito mrefu, pigilia msumari kwenye ncha. Anachoma bibo, siyo korosho. Analiinua, anatia kwenye ndoo iliyowekwa juu ya kigoda. Akimaliza anakaa kwenye mkeka ananyofoa taratibu. Shangazi yangu alivuna hivyo mpaka uzee wake. Haukuhitaji umeme.

---

KijanaWaMasasi

Shikamoo Bi Hawa. Ufito wa msumari nimeupokea, nauchonga leo leo.

Kwenye kunyofoa nakubaliana na wewe. Ila angalia: kwa sasa hakuna mvua huku. Korosho ikidondoka Oktoba ukaiacha siku mbili tatu, bibo linanyauka na kusinyaa, korosho unaigusa tu inaachia. Na mbuzi wa jirani wakipita wanakula mabibo wanaacha korosho. Kwa hiyo wazo langu ni kutookota kila asubuhi. Tuache zikae kidogo, mama apite na reki kuachanisha zilizonyauka, kisha mashine ifuate nyuma.

---

mchongo_mjini

Zikae siku tatu uani bila kuokotwa, Masasi, mwezi wa kumi? Kaka, watoto wa kuokoteza watazimaliza zote kabla jua halijachomoza na jioni zitakuwa kwa kangomba, wale walanguzi, zinapimwa kwa kibaba 😂

---

KijanaWaMasasi

Uani kuna mbwa. Na kuna mama, ambaye ni mkali kuliko mbwa.

---

FundiPampu

Mleta uzi umefanya vizuri kwenye mpira, ila ngoja niongezee upande wa mashine, maana naona watu wataiga na kununua vitu tofauti.

Kuna mashine za aina mbili na mtu asizichanganye. Hiyo ya dramu, feni yake ipo juu baada ya chujio. Hewa inaingia kwenye dramu, dramu ni pana kuliko mpira, kwa hiyo mwendo wa hewa unapungua ghafla na kitu kizito kinadondoka chini. Korosho haikutani na feni hata kidogo. Kuna zile nyingine za bustani, za kupuliza majani ambazo ukigeuza zinafyonza. Zile majani yanapita katikati ya feni ili yasagike. Ukipitisha korosho mle utavunja feni au utavunja korosho, na korosho iliyopasuka ganda bichi unajua mafuta yake yanavyomuunguza mtu mkono. Akikuuzia mtu ile kwa kazi hii, mkatalie.

Usitoe chujio ili "ivute vizuri". Nimeona watu wanafanya hivyo. Vumbi lote linapita kwenye mota, brashi zinaisha, beringi zinakwenda, na linalobaki linarudi kukupuliza wewe.

Ukitaka chujio lidumu, weka ndoo katikati. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Toboa matundu mawili. Moja ubavuni karibu na juu, na bomba lake ulielekeze kwa mshazari ili hewa izunguke ndani ya ndoo. La pili katikati ya mfuniko, hilo linakwenda kwenye vakyumu. Funga kwa silikoni. Korosho na mchanga vinazunguka, vinadondoka kwenye ndoo, na kinachofika kwenye vakyumu ni vumbi jepesi tu. Hata maji ya bibo moja likipita kwa bahati mbaya yanaishia kwenye ndoo. Na mama anabeba ndoo, habebi dramu.

Angalizo: mpira ukiziba ukiwa na ndoo hii, ndoo inabonyea yenyewe kwa kuvutwa, inaingia ndani mbavu zote. Ndoo nyepesi za mafuta ya kula hazifai. Tafuta ngumu, au toboa kitundu cha usalama mfunikoni uzibe kwa kipande cha tyubu kinachoweza kuachia.

Halafu mpira wa plastiki na vumbi kavu vinatengeneza shoti ndogo ndogo za kukurusha mkono. Haziui, lakini mwambie mama kabla asije akadhani ni umeme wa kweli.

---

Murangá_Nuts

Salamu kutoka Kigumo. Sisi hapa ni makadamia, na boss nikuambie sisi ndio tungefaa hiyo mashine kuliko nyinyi, kwa sababu makadamia haina bibo. Inaanguka na ganda lake la kijani, mviringo, inateleza. Ya ndani ni kama sentimita 2 na nusu hivi, na ganda la kijani inaongezeka kidogo. Mpira wa inchi mbili inapita bila shida.

Shida ya kwetu ni nyingine. Makadamia iliyokomaa inaanguka yenyewe. Hiyo ndiyo ya kuokota. Lakini ukingojea ianguke, wezi wanakuja na mabroka wanasukuma watu wachune changa mtini. Changa haina mafuta. Ukitaka kujua, vunja, toa kokwa, tia kwa maji: iliyokomaa inaelea kwa sababu ya mafuta, changa inazama. Kwa hivyo mimi napenda sana kitu chochote kinachomfanya mkulima aokote chini badala ya kupanda na fimbo.

Nyumbani tuna miti michache kwa kompaundi, chini ni nyasi. Tulijaribu na mashine ya binamu yangu anayesafisha mazulia. Kwa nyasi fupi inafanya kazi, kwa nyasi ndefu inafyonza nyasi. Majani makavu ndiyo adui. Majani ya makadamia ni magumu na yana miiba pembeni, yanajipanga kwa mdomo wa mpira yanaziba. Lazima ufagie majani kwanza na reki, na ukishafagia na reki... si ungeokota tu?

Kitu cha kuongeza: ukishakusanya, ganda la kijani litoke ndani ya siku moja. Ukiacha kwa ndoo au gunia inapata joto na kuharibika. Na kama una mbwa usimpe makadamia, inamlegeza miguu ya nyuma kabisa. Mbwa wa jirani alipelekwa kwa daktari kwa sababu hiyo.

---

Shemeji_wa_Atlanta

Niko Georgia, Marekani. Huku yadi nyingi za zamani zina mti wa pekani (aina ya njugu za mtini), na hili jimbo ni moja ya yanayoongoza nchini kwa zao hilo. Zinadondoka kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Ninavyosoma hapa ni kama mnaongelea uani kwangu.

Mashamba makubwa hawaokoti kwa mkono wala kwa vakyumu. Kuna trekta lenye mkono unaokumbatia shina na kulitikisa, sekunde chache tu mti mzima umemwaga. Kisha mashine nyingine inazifagia ziwe mstari, ya tatu inazizoa huku ikipuliza majani na vijiti nje. Kwa hiyo hata kwao hewa inatumika kutenganisha uchafu, kuokota kunafanywa na vidole vya mpira vinavyozunguka.

Kwa watu wa yadi ndogo kama mimi, wazee wa huku wananicheka na vakyumu yangu. Wanatumia kikapu cha waya chenye umbo la yai kilichofungwa kwenye mpini mrefu. Unakibingirisha chini. Nyaya zinatanuka, njugu inaingia, nyaya zinarudi, haitoki. Kikijaa kuna waya uliopindwa kwenye ukingo wa ndoo, unapanua nyaya pale, zote zinamwagika. Hakina mota, hakina waya wa umeme, na majani hakiyachukui. Bibi wa jirani ana zaidi ya miaka themanini na anamaliza yadi yake kabla mimi sijamaliza kukunjua ekstenshen.

Vakyumu nimeibakizia pembe za ukuta, kwenye ngazi na kwenye changarawe, ambako kikapu hakiingii. Huko ni mfalme.

Sijakijaribu kwa korosho. Lakini ukubwa unakaribiana na pekani, na fundi wa kusuka matenga ya waya anaweza kukitengeneza akionyeshwa picha. Waya uwe wa chuma chenye kurudi, siyo wa kufungia nondo. Ule ukitanuka hubaki umetanuka.

---

BiHawa_Newala

Shemeji wa Atlanta, hicho kikapu nimekipenda. Tuma picha.

---

BwanaShambaMstaafu

Nimesoma yote. Mawazo mazuri, ila naona mnaongelea kuokota kana kwamba kila kilicho chini ni korosho. Nilizunguka vijiji vya Tandahimba na Newala kwa miaka mingi na baiskeli ya serikali, niwaambieni ninachokiogopa kwenye vakyumu.

Mtu anapookota kwa mkono, anachagua bila kujua kwamba anachagua. Jicho linaona hii ni ya msimu uliopita, hii ina tundu, hii imesinyaa haikukomaa, hii ina ukungu. Mkono unaiacha. Mashine haina jicho. Inazoa ya jana na ya mwaka jana pamoja. Ukipeleka mchanganyiko huo chama cha msingi cha ushirika, gunia zima linashuka daraja la pili, na tangu stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza kupitia ghala na mnada) ianze 2007 daraja ndilo linaloamua mzigo wako unaingia mnada gani. Kwa hiyo anayetaka kutumia mashine, afagie chini ya mti kabisa mwanzoni mwa msimu, zile za zamani zote zitoke. Bi Hawa amelisema hilo na wengi mmelipita.

Pili, siku mbili tatu ardhini ni sawa kama kumekauka. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwisho wa Novemba au Desemba, utaratibu huo ufe siku hiyohiyo. Korosho iliyolala kwenye majani yenye unyevu inashika ukungu, kokwa inabadilika rangi, na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho. Hapo ni kuokota kila siku, hata kama ni kwa ufito wa msumari.

Tatu, zikishatoka kwenye ndoo zisilale kwenye ndoo. Zianikwe juani siku mbili mpaka tatu, juu ya turubai au sakafu, zigeuzwe. Ukizitikisa mkononi zilie. Ganda ulibonyeze kwa ukucha lisibonyee. Unyevu usizidi asilimia 10.

Nne, na hili ni la usalama: salfa. Wengi mnatunza salfa ya unga ya kupulizia ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) kwenye chumba kimoja na vifaa. Mifuko inavuja, sakafu inakuwa ya njano. Asije mtu akasema kwa kuwa nina vakyumu ngoja nifyonze na hii. Unga wa salfa ukichanganyika na hewa ndani ya chombo kilichofungwa unawaka kwa cheche ndogo sana, na mota hizo zina cheche kwenye brashi muda wote. Chini ya mti Oktoba hakuna salfa ya kutisha, upuliziaji ulishapita. Nasema stoo. Stoo fagia kwa ufagio, na sakafu uinyunyizie maji kidogo kwanza.

---

FundiPampu

Hiyo ya salfa sikuifikiria kabisa, asante mzee. Kijana, na jenereta kama unatumia iweke mbali na hiyo mifuko ya salfa.

---

mchongo_mjini

Swali la pesa sasa. Umeme unakula kiasi gani? Na kwa saa moja unapata kilo ngapi? Tusije tukawa tunanunua korosho zetu wenyewe kwa LUKU.

---

KijanaWaMasasi

Mota ya wati 1,200 ikiwaka saa nzima bila kuzima ni uniti moja na pointi mbili. Lakini haiwaki saa nzima, unazima unapohama mti. Umeme siyo tatizo, tatizo ni ekstenshen: waya mwembamba mrefu unapata moto na mota inakosa nguvu. Nimetumia ule mnene wa kijiweni.

Kilo kwa saa sijapima, inategemea mti umemwaga kiasi gani. Nitakupa kipimo kingine. Ndoo ya FundiPampu ikifika kama lita 15 tunamwaga, na hapo ni karibu kilo 8. Kilo moja ya korosho ghafi ni punje 200 hivi. Kwa hiyo kila ndoo ni punje 1,600 ambazo mama hakuziinamia. Mimi hesabu yangu iko hapo, siyo kwenye LUKU.

Mrejesho wa jumla baada ya kufuata ushauri: matawi ya chini tumeyainua kwa kamba kwa sasa, tutayakata msimu ukiisha. Chini pamefagiliwa mpaka udongo mweupe. Ndoo ya katikati inafanya kazi, chujio sasa linabaki na vumbi la unga tu, nalikung'uta jioni. Mama anapita asubuhi na ufito wa msumari kwa zile mbichi zenye bibo zuri, maana mabibo hayo anayataka kwa juisi. Zilizonyauka anaachanisha kwa reki, mimi au mdogo wangu tunapita na mpira saa kumi jioni. Mwenyewe mpira hataki kuushika. Anasema kelele zake zinamfukuzia kuku kwenye mayai.

Kuchambua amekuchukua yeye. Anakaa na ungo barazani, zile zenye tundu anazitupa upande, na Bwana Shamba ulikuwa sahihi, kabla hatujafagia zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.

---

Murangá_Nuts

Hiyo system imekaa vizuri. Ungo ndio mashine ya mwisho hapo.

---

mkulima_mdogo_Nachingwea

Kaka, mimi nina miche ya kisasa ya Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo, mifupi, imepangwa mistari, chini pasafi. Mashine unakodisha shilingi ngapi kwa siku?

---

KijanaWaMasasi

Jumamosi na Jumapili haikodishwi, magari ndiyo yanajaa. Katikati ya wiki njoo tuongee, lakini ndoo na mpira wa inchi mbili uje na vyako. Vya hapa ni vya mama.